Boksi Zuri ni Boksi Bubu

Fundi hakuyatazama maboksi yangu. Aliyapigia hodi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale Keko, wilayani Temeke, kwenye msururu wa karakana ambako watu wa Dar es Salaam huenda kutafuta vitanda, makabati na sofa. Nilikuwa nimeyaleta kwa bajaji maboksi mawili ya spika niliyoyapigilia mwenyewe uani kwetu, nikayapaka vanishi mpaka yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilitegemea asifie mng'aro. Yeye akakunja kidole, akagonga ubavu wa boksi la kwanza kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akatega sikio. Kong! Akagonga mgongoni. Kong! Akagonga juu. Kong!

"Mwanangu, umechonga ngoma," akasema.

Nikatabasamu nikidhani ni sifa. Akaniita kwenye kona, akafunua gunia lililofunika boksi kuukuu lisilo na rangi wala vanishi, madoa ya gundi kila mahali. "Gonga na hili, nisikie."

Nikagonga. Du. Sauti ilikufa palepale kidole kilipogusa, kama nimegonga gunia la mchele.

"Hilo sasa ndilo boksi," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Kwetu mbao inasifiwa kwa kuimba. Wagogo wa Dodoma hutengeneza ilimba, kisanduku kitupu chenye vijiti vya chuma, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikifikisha kisanduku hicho kwenye majukwaa ya dunia. Mpingo wa kusini mwa Tanzania husafiri hadi Ulaya ukageuzwa klarineti na obo. Fundi ngoma naye hukomba gogo mpaka likubali kulia. Boksi la spika linafanana na ilimba kwa umbo: mbao huku na huku, hewa katikati, tundu mbele. Kazi yake, hata hivyo, ni kinyume kabisa. Mwimbaji ameshaimba na studio imeshamaliza yake. Boksi likitia neno lake, linamkatiza msemaji. Kuanzia kupima mpaka kupiga msasa wa mwisho, kutengeneza boksi ni kazi ya kuinyamazisha mbao.

Mtungi wa mjomba

Swali la kwanza ni kwa nini boksi lenyewe lihitajike. Jibu nililiona utotoni bila kulielewa. Mjomba alikuwa na spika moja aliyoichomoa kwenye gari bovu. Ikilazwa sakafuni ikiwa tupu, ililia kama mbu nje ya chandarua. Siku moja akaiketisha mdomoni mwa mtungi wa maji uliokauka, na ghafla gitaa la besi likaingia chumbani. Tuliamini mtungi ule una mambo.

Mtungi haukuwa na mambo, uliziba njia. Koni ya spika inapoisukuma hewa ya mbele, nyuma yake inavuta. Sauti nene ina wimbi refu: mlio wa hezi 50 una wimbi la karibu mita 7. Kwa wimbi refu hivyo, hewa iliyosukumwa mbele huwa na nafasi ya kuzunguka ukingo wa spika na kuijaza ile iliyovutwa nyuma. Mbele kunaongezwa, nyuma kunatolewa, na msikilizaji anabaki na mbu. Ukiitenga hewa ya mbele na ya nyuma kwa ubao, kwa ukuta au kwa mtungi wa mjomba, besi inarudi.

Mwaka 1925 wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza spika ya koni na koili ambayo ndiyo babu wa takriban spika zote tunazonunua leo. Tangu wakati huo sumaku zimebadilika, karatasi za koni zimebadilika, gundi zimebadilika. Lakini ile hewa ya nyuma bado inamdai fundi mbao.

Lita, si inchi

Ukimuuliza kijana ametengeneza boksi la ukubwa gani, atakujibu, "La inchi kumi." Hiyo ni spika, si boksi. Boksi hupimwa kwa lita, kama dumu. Ukiwa na upana wa ndani sentimita 30, kina sentimita 35 na kimo sentimita 48, umepata lita 50 na ushei. Hivyo ni vipimo vya ndani. Ubao wa milimita 18 utaongeza karibu sentimita 4 kwenye kila kipimo cha nje. Kisha utoe nafasi inayoliwa na sumaku, na mataruma ya kukazia utakayoyaweka ndani.

Hapo njia zinagawanyika. Waweza kuliziba boksi kabisa, hewa ya ndani ikawa springi inayoidaka koni. Ndivyo alivyofanya Edgar Villchur mwaka 1954 kwa spika yake ya AR-1, akaonyesha kwamba boksi dogo lililozibwa vizuri linaweza kushuka chini kuliko kabati kubwa linalovuja. Au waweza kulitoboa na kulitia bomba. Albert Thuras wa Bell Labs aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1930, na wanaotia bomba la PVC leo wanamfuata hata kama hawajawahi kulisikia jina lake.

Bomba halipo kwa ajili ya "kupumua", kama wengi wanavyosema. Puliza mdomoni mwa chupa ya soda: chupa tupu ina mlio mmoja, na mlio huo hubadilika ukiijaza maji nusu. Boksi na bomba lake ni chupa. Kwa lita 50, bomba la upana wa ndani wa sentimita 10, lile la maji taka la inchi 4, likiwa na urefu wa sentimita 16, mlio wa chupa hiyo utakuwa karibu hezi 45. Likate libaki sentimita 11 nao utapanda kukaribia hezi 50. Ndiyo maana mafundi wenye busara huanza na bomba refu, wakalipunguza sentimita moja moja huku wakisikiliza. Bomba lililokatwa halirefuki.

Kila njia ina gharama yake. Boksi lililozibwa besi yake hushuka taratibu na kwa adabu. La bomba hukupa zaidi pale bomba lilipotegeshwa, lakini chini ya hapo koni hukosa cha kuidaka, ikaanza kurukaruka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Wanaopandisha besi mpaka mwisho kwenye amplifaya huua spika zao hapohapo.

Hesabu za kuioanisha spika na boksi lake zilipangwa vizuri na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akaziendeleza huko Sydney miaka ya 1970. Spika nzuri huja na karatasi ya vipimo vya hesabu hizo. Nyingi tunazonunua mitaani huja na kibandiko tu mgongoni mwa sumaku, kimeandikwa wati 1,000 kwa herufi za dhahabu. Kibandiko hicho hakikusaidii kupiga hesabu. Pima kwa bomba na sikio.

Mbao gani?

Kosa langu la kwanza lilikuwa tamaa ya mninga. Nilitaka boksi la mbao ya kweli, lenye michirizi ile ya rangi ya asali na kahawa. Nikapata mbao nzuri, nikaziunga, nikafurahi. Kaskazi ilipoingia na joto lake, ubavu mmoja ukapasuka kwenye kiungo kwa mstari mwembamba kama unywele. Mbao tupu hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa jua, na kila mara hutanuka na kusinyaa upande wa upana wake. Mlango unaovumilia mchezo huo unaachiwa nafasi. Boksi la spika halina nafasi ya kuachia.

Plaiwudi haichezi hivyo kwa sababu tabaka zake zimelazwa zikikatizana, kila moja ikiishika mwenzake. Ni nyepesi, inashika skrubu, na ndiyo chaguo la wenye maboksi ya kukodisha yanayopandishwa na kushushwa kwenye magari kila wikendi. Ila ikague pembeni kabla ya kulipa: ukiona mapengo kati ya tabaka, jua kila pengo ni kijibweta cha hewa kitakachokoroma. MDF haina tabaka wala nyuzi, hukatika laini kama sabuni, na ubao mzima wa futi 4 kwa 8 wa milimita 18 hukaribia kilo 40. Uzito huo ni rafiki wa ukimya. Adui yake ni maji: kikombe kimoja cha chai kikimwagika kwenye kona isiyozibwa, kona inavimba na hairudi tena. Vumbi lake nalo ni jembamba na lina gundi ya kiwandani, kwa hiyo usikate bila barakoa, wala usikate ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Na mninga? Fundi wangu aliniambia niuvae, nisiujengee. Boksi la MDF, juu yake vinia nyembamba ya mninga, au ukanda wa mninga pembeni mwa uso. Macho yanapata chao, masikio yanapata chao.

Gundi, tyubu na udi

Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 unatosha maboksi mawili ya lita 50, vikabaki vipande vya mataruma. Kata vipande vyote vinavyolingana kwa pamoja, msumeno ukiwa umetegeshwa mara moja tu. Boksi likienda upogo hata milimita mbili, gundi itahangaika kuziba pengo ambalo msumeno ungeliepuka.

Kinacholishika boksi ni gundi. Skrubu ni walinzi wa usiku mmoja, mpaka gundi ikauke. Paka pande zote mbili, bana mpaka gundi itokeze kwa vitone mstari mzima. Pasipotokeza, hapana gundi ya kutosha. Kama huna klempu, fanya kama Keko: kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe kanda ndefu, lizungushie boksi ukivuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Mpira unabana kona zote kwa pamoja na kwa usawa kuliko vyuma vingi vya bei. Likikauka, pitisha ndani ya kila kona uji mzito wa gundi na unga wa mbao.

Maboksi yangu ya kwanza yalikuwa ya misumari mitupu, na yalipiga mbinja. Nilidhani spika imeungua. Fundi aliwasha kijiti cha udi, akaisukuma koni taratibu kwa vidole vyake huku akikipitisha kijiti kwenye viungo. Moshi ulikuwa unapanda wima, umetulia. Kwenye kona ya chini ukayumba, ukapinda, ukarushwa pembeni. Akaweka alama kwa penseli. Alama ya pili. Ya tatu. Kumi na moja zote. Siku hizi hakuna boksi linalotoka uani kwetu bila kufukizwa, na majirani wamezoea kuuliza kama tuna mgeni.

Spika yenyewe nayo huvuja pale inapokaa, kwa hiyo ikalishe juu ya pete ya tyubu au sponji ya mlangoni. Unapokaza skrubu zake, fanya kwa subira, mkono mmoja umeifunika koni. Sumaku ina mkono mrefu. Mimi ilinivuta bisibisi, nikatoboa koni mpya ya karatasi mbele ya mdogo wangu, ambaye mpaka leo hulisimulia tukio hilo kwenye kila sherehe.

Kabla ya kufunga, hakikisha waya. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye alama ya kujumlisha na hasi kwenye ya kutoa: koni isogee mbele. Ikirudi nyuma, waya zimegeuzwa. Spika mbili zikivuta na kusukuma kinyume, besi zinafutana, na utalaumu amplifaya bure.

Unga unaocheza

Boksi likishaunganika, kazi ya kulinyamazisha ndiyo inaanza hasa, na ndipo nilipoona jambo lililonibadilisha. Fundi alililaza boksi langu ubavu, akanyunyizia unga wa mbao juu yake, akaomba niwashe mziki wenye besi. Unga ukaanza kutembea. Ukakimbia katikati ya ubao, ukajikusanya pembezoni. Ule ubao ulikuwa koni ya pili ambayo hakuna aliyeinunua, inapiga wimbo wake ndani ya wimbo wa mtu.

Akakata taruma la ubao uleule, akaligandisha ndani kutoka ubavu hadi ubavu, lakini si katikati; alilisogeza pembeni kidogo, ili vipande viwili vya ubao visiwe na upana sawa na kuitikiana kwa mlio mmoja. Gundi ilipokauka tukarudia. Unga ulitetemeka, ukatulia.

Kuna njia nyingine pia. Wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970, walipotengeneza spika ndogo ya LS3/5A ya kutumika ndani ya magari ya matangazo, hawakutegemea unene. Walitumia plaiwudi nyembamba ya mti wa birch, wakaibandikia ndani vipande vya jamii ya lami. Ubao uliachwa utikisike kidogo, lami ikaumeza mtikisiko. Mafundi wetu wanaobandika lami ya magari ndani ya maboksi wako kwenye njia hiyohiyo.

Inabaki hewa ya ndani, ambayo nayo hugonga ukuta huu na ule. Hapo watu wa pwani tuna dawa uani: sufi. Ile pamba ya msufi tunayojazia mito hunyonya sauti vizuri, mradi uifunge kwenye kitambaa chepesi ili nyuzi zisiingie kwenye koili, na usiusogeze mto huo kwenye mdomo wa bomba.

Sura ya nje

Sasa, na sasa tu, ndipo mtu azungumze rangi. Mimi nilianzia hapa, na ndiyo maana nilipigiwa hodi.

Msasa una ngazi zake. Anza na namba 80 kuondoa gundi na alama za msumeno, panda 120, kisha 180, malizia 240, ukifuata nyuzi za vinia kila mara. Ukiruka ngazi, mikwaruzo ya 80 itajificha chini ya vumbi na kuibuka siku vanishi inapokauka. Kwenye MDF, kingo zilizokatwa hunywa rangi kama mchanga. Zipake kwanza gundi iliyochanganywa na maji, zikauke, uzipige msasa, ndipo uende na rangi.

Vanishi ipakwe nyembamba mara tatu badala ya nzito mara moja, na kati ya koti na koti pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi. Chagua siku. Ukipuliza vanishi ya kukauka haraka jioni ya masika, unyevu unanaswa ndani yake na uso mzima unapata ukungu mweupe. Subiri saa nne asubuhi, jua limekausha hewa lakini halijachoma. Kona za mbele zifanywe mviringo kidogo kwa randa na msasa: sauti nyembamba hukwaruzika kwenye kona kali, na vidole vya watoto navyo vinasalimika.

Kwa maboksi ya kazi, vanishi ni anasa. Hayo huvishwa zulia la kijivu au jeusi lililogandishwa, yakapigwa vyuma vya kona na vishikio vilivyozamishwa. Hata hivyo vishikio nyuma yake vizibwe, maana navyo ni matundu.

Wanaotaka boksi liimbe

Kuna watakaosema ukimya wote huu ni wa wazee wanaosikiliza taarifa ya habari, na kwamba vijana wanataka mtikisiko. Naona mambo ni kinyume. Chukua singeli, mziki wa uswahilini Dar es Salaam ambao kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutangaza kimataifa kwa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Midundo yake huvuka 200 kwa dakika. Ikifika 240, mdundo unafuatwa na mwenzake baada ya robo sekunde. Boksi lililolegea bado linanguruma mdundo wa kwanza wakati wa tatu unaingia, na sherehe nzima ya kigodoro mtaani inasikia tope. Singeli ndiyo inayohitaji boksi bubu kuliko hata taarabu. Na boksi lisilonguruma halihitaji kupandishwa sauti mpaka mtaa wa tatu ili maneno yasikike, jambo ambalo jirani mwenye mgonjwa ndani, na maofisa wa mazingira wanaofuatilia kelele za baa na kumbi, wangelishukuru.

Ubishi wa kweli unatoka Kinshasa. Bendi ya Konono Nº1, iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi, ilitia umeme kwenye likembe, ndugu wa ilimba, kwa vifaa walivyojiundia kutokana na sumaku za magari mabovu, wakapigia kwenye vipaza sauti vya tarumbeta. Mitambo ile ilikwaruza na kukoroma, nao wakaupenda mkoromo, wakaufanya sehemu ya wimbo; albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliupeleka mbali. Siwezi kuwakosoa. Lakini kwao mtambo ni ala, na wao ndio wapigaji. Sisi tuliobaki ni wasikilizaji, na kazi ya msikilizaji ni kumpisha anayesema.

Yale maboksi mawili niliyavunja. Nikaanza upya na MDF, taruma, udi, sufi na mninga wa kuvaa. Mapya sikuyapeleka Keko kuonyesha mng'aro. Niligonga mwenyewe kila upande kwanza, nikasikia du, ndipo nikayaweka sebuleni.

Jioni hiyo redio ilikuwa na mchezo wa kuigiza. Mama yuko jikoni, kisogo kwetu, anakuna nazi. Katika mchezo, mtu akafika kwenye nyumba ya watu, akasimama mlangoni, akaita hodi.

"Karibu!" mama akajibu, akaanza kufuta mikono kwenye kanga, akienda kufungua mlango.